Mbwa Uliyemtafuta Kibera

Gatina, Kawangware
Jumapili, jioni

Nafula mama yangu,

Nakusikia ukicheka. Uko kwa Mama Brayo, nyumba ya tatu kutoka hapa, unasukwa nywele za safari, na ukuta wa mabati hauna siri, kila mnachosema kinanifikia hapa mezani. Leo nimeomba ofu kazini, ya kwanza tangu Pasaka, ili nikae na wewe jioni yako ya mwisho hapa nyumbani. Badala yake nimechukua kalamu yako na kuchomoa karatasi katikati ya daftari lako la kemia. Samahani kwa daftari. Hilo ndilo dogo kati ya yale nitakayokuomba msamaha leo.

Mambo ya safari siandiki. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu mahali pa kuficha nauli, na mara nne kwamba huko chuoni ni baridi, na sweta ile ya kijani amekutilia sandukuni ukaitoa, akaitia tena. Hayo yana mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka saba. Ningelisema kwa mdomo kama ningekuwa mwanamume zaidi ya vile nilivyo. Nimejaribu mchana huu mara mbili, ukiwa unakunja nguo, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama umekula.

Ni juu ya Mgongo.

Leo baada ya kanisa, watu walipojaa hapa kukuaga, ulisimama na soda yako mkononi ukasema, nami nayanukuu maneno yako kwa sababu yamenikaa kifuani: "Vile nilikuwa class six nilikuwa na mbwa. Usiku wa Happy New Year nikamlegezea mshipi, fataki zikamtisha, akapotea. Ilikuwa makosa yangu. Ndiyo maana nimechagua kusomea mifugo, angalau nisaidie wengine kwa sababu huyo mmoja nilimpoteza." Watu wakapiga makofi. Mama Brayo akafuta macho. Hata Baba Wairimu, mwenye ploti, mtu asiyetikisika kwa jambo lisilo na kodi ndani yake, alitikisa kichwa akasema, "Huyu msichana ako na roho safi."

Mimi nilikuwa natazama chupa. Nilipoinua macho, mama yako alikuwa ananiangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza pale penyewe mkono utakataa.

Mgongo alikuja kwetu tukiwa bado Mashimoni, kule Kibera, ukiwa na miaka minane. Mama yako alikuwa akikaanga mgongo wazi mlangoni, wale samaki ambao viwanda vimekwisha kuwatoa minofu, vikatuachia sisi kichwa na uti. Kila jioni kulikuwa na kitoto cha mbwa kimekaa mbali kidogo na karai, mkia umekunjwa, kikingoja kichwa kidondoke. Hakikulia wala hakikusogea. Mama yako alikimwagia maji, kikarudi. Akakitupia kijiti, kikamletea hicho kijiti. Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikajua tumepata mgeni wa kudumu. Jina nililitoa mimi kwa mzaha, nikisema mbwa aliyekuja kwa ajili ya mgongo wazi basi aitwe Mgongo. Likamshika.

Tulipohamia huku Gatina ili nifike kazini kwa miguu, unakumbuka, kitanda kilikuja kwa mkokoteni na Mgongo akatembea nyuma yake kutoka Mashimoni mpaka hapa, ulimi nje, akigeuka kila mara kuhesabu kama wote tupo. Baba Wairimu alimkubali kwa sharti kwamba alinde ploti. Nikamtengenezea mshipi wa shingoni kutokana na mshipi wangu wa zamani wa kazi. Nilipasha moto msumari nikatoboa matundu matatu, la kwanza la kukaza, la pili la kila siku, la tatu la kulegeza. Wewe ndiwe uliyekuwa ukinishikia mshumaa.

Sasa kuhusu kazi yangu. Unajua nilikuwa soja, mlinzi wa usiku, Lavington, kwa yule madam mwenye Rexi, mbwa mkubwa wa Kijerumani ambaye mchana angeweza kumng'oa mtu mguu. Lakini kuna siku mbili kwa mwaka ambazo Rexi alikuwa kitoto. Moja ni Diwali, Wahindi wa jirani wakirusha fataki. Ya pili ni usiku wa mwaka mpya. Madam alikuwa akienda pwani kila Disemba, na ndani ya stoo alinibandikia karatasi. Niliijua kwa moyo kuliko Baba Yetu. Mwingize mbwa mapema, jua halijazama. Funga madirisha, shusha pazia. Washa redio, si kwa sauti ya juu, iwe kama watu wanaongea. Mtandikie blanketi lake pembeni, mahali pembamba, maana mnyama mwenye hofu hupenda mahali pa kujibana. Mpe mfupa atafune. Usimfokee. Akija kwako, mpokee, na akitaka kujificha, mwache. Kaa naye.

Kaa naye. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho, yamepigiwa mstari.

Kwa hivyo nilijua, Nafula. Hilo ndilo nataka ulishike kabla hujasoma mengine. Wengine walikosa kwa kutojua, mimi nilijua na hata nililipwa mshahara kwa kujua.

Mwaka ule ulikuwa wa kura za vyama vingi. Kura zilipigwa siku chache kabla ya mwaka mpya, na watu walikuwa na wasiwasi, kila mtu ananunua kufuli. Mchana wa siku ya mwisho, Baba Wairimu alinikuta nikipiga pasi koti la kazi.

"Soja, leo watu wote wanaenda kesha. Ploti inabaki bila mtu. Hiyo mbwa yako nataka ilale hapa kwa geti."

Nikamwambia, "Huwa analala mlangoni kwangu. Na leo kutakuwa na kelele, mzee."

"Kelele ni ya watu. Mbwa inajua nini? Kama haiwezi kulinda siku moja ya maana, basi haina kazi kwa ploti yangu."

Nisimsingizie mzee wa watu. Alisema geti. Hakusema mnyororo. Mnyororo ulikuwa wangu, na ufupi wake ulikuwa wangu pia, maana sikutaka Mgongo awafikie wapangaji wakienda chooni halafu nilaumiwe mimi. Nikamfunga kwenye nguzo ya geti, ubavuni mwa ua wa mabati, na karibu yake kulikuwa na rundo la mawe ambayo Baba Wairimu alikuwa ameyaleta kuanza ile ghorofa yake ambayo haijainuka mpaka leo. Mawe yale niliyaona. Nilipita katikati yake nikimfunga.

Wewe ulikuja ukiwa umeshavaa nguo ya kesha, ile ya maua. Ukasema, "Baba, si tumlaze ndani, chini ya kitanda? Mimi nitabaki na yeye. Si lazima niende kesha."

Nami nikacheka. Nikakuambia, "Mbwa wa mabati amezoea kelele. Wanaoogopa ni wale wa Lavington, wanaokula nyama ya dukani."

Ukaniangalia, ukasema, "Lakini hata wewe unaogopanga radi, Baba." Ulikuwa na mdomo wewe. Nikakufukuza na taulo.

Ulipoona siko karibu ukaenda ukamlegezea mshipi. Nilikuona kutoka dirishani. Alikuwa anakohoa kwa kuvuta mnyororo, nawe ukautoa mshipi kwenye tundu la pili ukautia la tatu, ukamkuna chini ya kidevu. Kisha wewe na mama yako mkaondoka kwenda kanisani kabla giza halijaingia, na mimi nikabaki kufunga mlango nielekee kazini.

Kumbe ulidhani sijaona. Nilipofika getini niliinama nikamtoa Mgongo kwenye tundu la tatu. Nikaona, huyu atachomoa kichwa usiku, na kesho niitwe na mwenye ploti. Sikumrudisha la pili. Nilimtia la kwanza, la kukaza. Alinilamba mkono wakati nikifanya hivyo. Nikaufuta kwenye koti nikaenda zangu.

Soma tena hapo kama unahitaji. Mkono wako ulilegeza. Wa mwisho kugusa mshipi ule ulikuwa wangu, na ulikaza.

Usiku ule nilifanya kazi yangu vizuri kabisa. Saa kumi na mbili Rexi alikuwa stoo, pazia limeshuka, redio inanong'ona, mfupa mdomoni. Saa sita ilipofika anga ya Lavington ikapasuka, nyekundu na kijani, na Rexi akatambaa kwa tumbo mpaka miguuni pangu akatia kichwa chake chini ya koti langu. Alikuwa anatetemeka mpaka vifungo vya koti vinagongana. Nilimzibia masikio kwa viganja vyangu hivi viwili, nikamsemesha Kibukusu, maana Kiingereza changu hakifiki huko kwenye upole. Nikamwambia yote yatapita.

Na kutoka upande wa Kawangware nikasikia mabati. Unajua desturi yetu. Saa sita ikigonga, kila aliyebaki nyumbani hutoka na sufuria na mwiko, wengine huchukua mawe wakapiga kuta na nyua za mabati wanazopita, tairi zinachomwa, mwaka wa zamani unafukuzwa kama mwizi. Fataki za matajiri ziko juu, hulia zikapita. Kelele zetu sisi ziko palepale ukutani. Niliyasikia mabati yale kwa mbali na nikatabasamu, nikafikiri, watu wangu wanafurahi. Mgongo alinijia kichwani mara moja tu. Nikajiambia, yule amezoea. Nikaendelea kumshika mbwa wa wenyewe.

Nilitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nyinyi mlikuwa bado kanisani, mkingoja kupambazuke vizuri ndipo mtembee. Ploti ilikuwa kimya. Mawe yalikuwa yamevurugika na mnyororo umepanda juu ya ua wa mabati, umekazika. Nikazunguka upande wa nje.

Sitakueleza nilichoona. Nitasema tu kwamba alipanda mawe akaruka ua akimbie, na mnyororo haukufika chini. Watu walikuwa wamepita wakipiga ua uleule aliofungiwa. Alikuwa bado na vumbi la mawe kwenye kucha.

Nilimfungua mshipi kutoka tundu la kwanza. Nilimtia kwenye gunia la makaa, nikachukua sepetu ya mafundi, nikateremka njia ya mtoni. Nilimzika juu ya kingo, karibu na kile kisiki cha mkaratusi. Baadaye pale palilimwa sukuma wiki, na zile ndizo sukuma za Mama Kamau ulizokuwa ukitumwa kununua, na ambazo mimi nimekataa kuzila miaka yote hii. Mlidhani ni kiburi. Mama yako alisema, soja amekuwa mkubwa, sukuma ya mtoni haimtoshi tena.

Niliporudi mikono yangu ilikuwa na udongo, na jambo moja tu kichwani, kwamba mtoto asione na asijue alivyokufa. Nilitaka uamini amekimbia tu. Nikaufunga ule mshipi tena, mtupu, nikauacha ukining'inia kwenye mnyororo, ionekane amechomoa kichwa. Na kwa kuwa kichwa cha mbwa hakiwezi kuchomoka kwenye tundu la kukaza, niliufunga kwenye tundu la tatu. Lako.

Naapa kwa jina la mama yangu ulilo nalo kwamba wakati ule sikuwaza kwamba nakutwika. Niliwaza tu habari ya mshipi.

Mkaingia getini mkiwa bado na nyimbo za kesha mdomoni. Uliona mnyororo, ukapiga magoti, ukaushika ule mshipi, ukalitazama lile tundu. Kisha ukainua uso. Miaka saba nimeuona uso ule kila ninapofunga mshipi wangu mwenyewe asubuhi. Ukasema, "Baba, ni mimi. Nilimlegezea jana. Ni mimi nimempoteza."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ilikuwa ni sekunde moja tu, mlango umefunguka wazi kabisa. Ningesema hapana, mama, si wewe. Nikasema, "Usilie. Mbwa hurudi."

Mtu akishasema uongo wa kwanza, ule wa pili hauombi ruhusa. Wiki iliyofuata ulisikia kwa watu kwamba mbwa hurudi mahali alipolelewa, na Jumamosi asubuhi ukawa umevaa viatu, unataka kwenda Kibera. Singekuacha uende peke yako. Basi tukaenda, mimi na wewe, kwa miguu, tukipitia Dagoretti Corner mpaka Ngong Road na kuteremka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho yanachoma, nikikusaidia kumtafuta mbwa niliyemzika kwa mikono yangu.

Tulianza Mashimoni, kwenye ule mtaro wa zamani na kibanda cha maji. Mama mwenye maji alikukumbuka, akaacha foleni ya mitungi akatoka kukusalimia. "Aki Nafula, hajapita hapa. Akipita nitamfunga nikuitie." Tukapita uchochoro kwa uchochoro ukiita, "Mgongo! Mgongo!" kwa sauti yako ndogo, na mwanamke mmoja akatoka mbio na sahani akauliza mgongo wazi ni pesa ngapi leo. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulimweleza kwa heshima kwamba unatafuta mbwa, rangi ya chai, sikio moja limelala. Yule mama akarudisha sahani ndani polepole, akaona haya.

Kuna mtu alisema ameona mbwa kama huyo Kambi Muru. Jumamosi iliyofuata tukaenda Kambi Muru. Hakuwa yeye. Tukaenda Jumamosi saba, Nafula. Saba. Nilikuwa nazihesabu kama mfungwa. Ulipata malengelenge, ukatia pamba kwenye viatu. Ulikuwa ukibeba kichwa cha samaki ndani ya karatasi, ikiwa atapatikana akiwa na njaa, na kila jioni tukirudi ulikitupa kwa mbwa wa watu kwa sababu kingeoza. Jumamosi ya saba, pale Dagoretti Corner, ulisimama ukaniambia, "Baba, wewe umechoka, na hata si makosa yako. Tuache." Ulinihurumia mimi.

Usiku ule nililia nikiwa zamu, nyuma ya ile stoo. Rexi peke yake alijua.

Mama yako aligundua mapema. Alifua koti langu akaona udongo na manyoya, na mwanamke hahitaji kuelezwa. Aliniuliza mara moja tu, "Baba Nafula, utamwambia lini?" Nikasema, akikua kidogo. Kila mwaka mpya ukiingia alikuwa akiniangalia, nami nilikuwa nikisema kimoyomoyo, mwaka ujao. Usimlaumu yeye. Alisema lile si lake kulitoa, na alikuwa sahihi, ingawa lilimkalia vibaya kooni.

Unaweza kuuliza, na una haki, kwa nini baba mzima ashindwe na neno moja. Nimejiuliza pia. Baba yangu mimi hakuniomba msamaha hata siku moja, na alikuwa na mengi ya kuombea. Nilikua nikiamini kwamba mzazi akiomba msamaha hupungua, mtoto akamwona mfupi. Halafu kuna jambo jingine, ambalo ni baya zaidi. Nilikuambia mbwa wa mabati amezoea kelele. Nilikuwa nikifikiri vivyo hivyo kuhusu wewe. Nilijiambia watoto wetu ni wagumu, wanalia leo, kesho wanacheza mchezo wa kati. Nilidhani utasahau. Mchana wa leo umesimama mbele ya watu miaka saba baadaye na bado uko palepale getini, umepiga magoti.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilichonifichua mimi kilikuja na makofi na soda.

Umewahi kuniona, kila mwisho wa mwaka kabla sijaenda kazini, nikimwingiza mbwa wa ploti, huyu aliyekuja baada ya Mgongo, kwenye stoo ya makaa. Natundika blanketi mlangoni. Naweka redio yetu, mama yako akilalamika betri. Nawaambia wapangaji wenye paka wawafungie ndani mapema na waache sanduku au uvungu wa kujificha, na wasimvute paka atoke. Nawaomba wasipige mabati ya upande ule. Wananicheka kwamba soja analaza mbwa kama mtoto mchanga. Wewe ulidhani baba yako anapenda wanyama sana. Mwaka mmoja ulinikumbatia kwa sababu hiyo, ukasema, "Ungekuwa na hii roho ile siku, Baba." Ulikuwa unatania. Nilienda kazini nikapitiliza geti la madam.

Umeniambia wanafunzi wapya hubaki zamu chuoni wakati wa Krismasi, kulisha wanyama. Na mwaka huu unaokwisha ni ule wa kuingia elfu mbili, kila redio inasema kutakuwa na fataki ambazo hazijaonekana. Sina haja ya kukufundisha, utafundishwa na wenye vyeti. Ila ukisikia mtu huko anasema huyu ni mbwa wa mkulima, amezoea, au huyu ni ng'ombe tu, usimwamini. Hofu haiulizi mtu anakula nini. Waingize kabla jua halijazama, maana mnyama akishaogopa hasikii hata jina lake. Usimfunge mmoja wao kwa mnyororo usiku huo, hata mwenye mali akuamuru. Kisha kaa naye. Nimejifunza mengi kwa maisha yangu na karibu yote nimeyasahau, isipokuwa hilo.

Lakini sitaki uende chuoni kwa sababu ya Mgongo. Hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu. Ukiwapenda wanyama, nenda. Ukiona baada ya muhula mmoja kwamba ulikuwa ukilipia tu kosa, basi jua kosa lile halikuwa lako, rudi nyumbani ukasomee unachotaka, na nitakuwa wa kwanza kukupokea sanduku. Mtu asijenge nyumba juu ya jiwe ambalo baba yake amemdanganya kwamba ni lake.

Sikuombi unisamehe leo. Kusamehe si chai ya kukorogwa haraka mgeni akiwa mlangoni. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kukaa huko muhula mzima bila kuniandikia, mwandikie mama yako, nitasoma juu ya bega lake. Najuta, Nafula. Najuta kwa mbwa, lakini kwa mbwa ilikuwa ujinga wa usiku mmoja. Kwako ilikuwa kila siku, kwa miaka saba, na kila asubuhi niliamka nikaichagua tena.

Sasa hivi Mama Brayo anasema amebakisha mistari miwili ya nywele, kwa hivyo nimalize. Barua hii nitaiweka chini ya sweta ya kijani, maana najua utakwenda kuitoa tena sandukuni kabla hujalala. Ndani ya bahasha utaupata mshipi wake. Nimeutunza kwenye lile debe la vitambulisho. Nimeufunga kwenye tundu la kwanza, jinsi ulivyokuwa kweli asubuhi ile. Jaribu kupitisha ngumi yako. Utaona kwamba haipiti. Halafu ufungue uutie kwenye lile ulilomchagulia wewe, ujaribu tena. Pale angepita, Nafula. Ungekuwa umemwokoa.

Kesho kutoka hapa mpaka steji kuna njia mbili. Ile ya madukani ni fupi. Ya mtoni inazunguka, ina matope, na inapita kwenye kile kisiki. Nimemwambia mama yako tutatoka nusu saa kabla ya wakati. Mimi nitatangulia na sanduku lako, nisimame pale njia zinapogawanyika. Huna haja ya kusema chochote. Pita unayoitaka, nami nitakuja nyuma yako.

Baba yako,
Barasa